Ukuta Uliobeba Paa

Mtaa mzima ulimwita Mama Ukuta. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kunong'ona, baadaye waziwazi, na mwishowe mwenyewe akawa anaitikia bila kununa. Alikuwa dobi. Kamba za nguo zilijaa uani kwake, na pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito hata mkono wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Lakini jina hilo hakulipata kwa udobi. Alilipata kwa ukuta alioujenga mwenyewe, kwa mikono yake miwili, katikati ya sebule ya nyumba yake.

Ilikuwa hivi. Mumewe, seremala mwenye mikono ya dhahabu na macho ya kuhangaika, aliaga asubuhi kwamba anakwenda kununua gundi ya mbao, akarudi jioni na mwanamke. Gundi hakuleta. Talaka ikafuata. Wazee wa ukoo wakaketi, wakanywa chai ya mama huyu huyu, wakafuta midomo, wakaamua: mume na mkewe mpya wachukue upande wa mbele, wenye baraza, mlango mkubwa na madirisha ya barabarani. Yeye, aliyesomba maji ya kujengea nyumba hiyo huku ana mimba, apewe upande wa nyuma: jiko, chumba kimoja na ua.

"Na sebule je?" aliwauliza.

"Sebule mtaigawana katikati," wakasema. Walidhani atatundika pazia.

Uani palikuwa na rundo la matofali yaliyokusudiwa chumba cha binti yao. Siku ya pili aliyaingiza ndani, akakoroga udongo na saruji aliyoibakiza mumewe, akaanza kujenga. Hakuwahi kushika mwiko wa mwashi maishani mwake. Ukuta ulipinda tumbo kama mtu aliyeshiba, lakini ulipanda. Ulipanda mpaka ukaigusa ile boriti kubwa inayokatiza sebule na kubeba paa, na hapo juu akaushindilia udongo kwa vidole, asibakize hata ufa, ili kicheko cha upande wa pili kisipite.

Tangu siku hiyo mumewe hakuwa na jina tena kinywani mwake. Alikuwa "Yule". Kila asubuhi alipokuwa akipepea mkaa wa pasi alikuwa na dua moja tu, fupi, ambayo hata jirani waliijua: "Mola wangu, Yule mwangushe." Na kila magharibi, akishafunga mlango wa uani, aliubana kwa komeo la mti mgumu, pande la mbao zito kama mtoto wa ng'ombe, utadhani kuna jeshi linakuja.

Aliyetaabika ni binti. Chakula chake kilikuwa nyuma, baba yake mbele, na katikati ukuta. Basi alizunguka. Alitoka jikoni, akapita uani, akakunja kona, akatokea barazani. Kisha hivyo hivyo kurudi. Alizunguka mpaka nyasi zikakataa kuota pale, pakawa njia.

Miaka ikaenda. Yule na mkewe walijenga kwao wakahama, upande wa mbele ukabaki na popo na mchwa. Binti akaolewa, akahamia mji mwingine. Mama Ukuta akabaki nyuma ya ukuta wake, anapiga pasi nguo za watu na kuomba dua yake.

Siku moja simu ikalia. Binti.

"Mama, tumbo limeshuka. Mama mkwe anataka nikapumzikie kwake nikishajifungua."

"Kwake? Kwani mimi nimekufa?"

"Mimi nataka kuja kwako. Lakini ukuta ukiwa bado upo, siji."

"Ukuta umekukosea nini?"

"Mama, nimeuzunguka utoto wangu wote. Mwanangu hatauzunguka. Baba nimeshaongea naye, upande wa mbele anakuachia, ufunguo nimempa mume wangu akuletee. Ubomoe. La sivyo nakwenda kwa mama mkwe, na mjukuu utamwona kwenye picha."

Simu ikakatika. Mama Ukuta akabaki ameishika, pasi inaunguza kola ya shati la mtu. Hata hakuiona. Mjukuu! Mjukuu wake kwenye picha! Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha msichana, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi palikuwa na kitu mbele yake cha kukimbilia.

Ufunguo ulipofika aliingia upande wa mbele kwa kunyata, kama mwizi nyumbani kwake. Popo wakamvumia usoni. Sakafu ilikuwa na vichuguu vya mchwa, na katikati ya chumba benchi la seremala lilikuwa bado limesimama na vumbi lake. Akaliendea dirisha la barabarani. Lilikuwa limegandishwa kwa rangi. Akalikwangua kwa kisu cha jikoni: ikatoka rangi ya kahawia aliyoipaka yule mwanamke, chini yake ya buluu, na chini kabisa nyeupe, ile aliyoipaka yeye mwenyewe akiwa bibi harusi, na unywele wa brashi yake bado umenasa humo. Akalisukuma dirisha kwa bega. Likafunguka kwa kishindo, na mwanga ukamwagika ndani mpaka miguuni pake.

"Kumbe!" akasema kwa sauti. Mpita njia akageuka.

Kuanzia hapo "kumbe" halikumwisha mdomoni.

Alimtafuta fundi mwashi aliyeitwa Fundi Taratibu. Watu walisema ukiamkiwa naye asubuhi, akimaliza salamu ni mchana. Alikuja na kijiti mdomoni, akauzunguka ukuta wa kila chumba akiugonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, sikio ameliegemeza kama daktari. Palipolia wazi alichora alama ya mkaa.

"Unasikiliza nini?" Mama Ukuta akamwuliza.

"Hapa lipu imeshaachana na ukuta. Kwa macho ni nzima, ndani pana uwazi. Ukiipaka rangi unaipamba tu mpaka ianguke."

Mama Ukuta akagonga naye. Ko, ko, ko. Akasikia! Akafurahi kama aliyefundishwa kusoma. Usiku ule alijigonga kifuani kidogo, akaona haya, akajifunika shuka.

Kila siku ilikuja na jambo lake. Fundi alimwambia alowanishe tofali kabla ya kulipaka udongo, maana tofali kavu hunywa maji yote ya udongo na wala halishiki. "Kama nguo!" akaruka dobi. "Nguo iliyokauka haikubali pasi mpaka uinyunyizie!" Fundi akamtazama, akakitoa kijiti mdomoni, akasema hajawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo. Mama Ukuta alifurahi kutwa nzima. Akawa ananyunyizia nguo za wateja huku anasema na Mungu kwa sauti, si ile dua ya kila siku, maneno mengine tu, ya mtu na rafiki yake: Kumbe ndivyo, eeh? Kumbe na mimi nimekauka, ndiyo maana kila unachonipaka kinabanduka? Ungeniambia mapema!

Jirani mmoja, mwuza mboga, alichungulia juu ya ua. "Mama Ukuta, unaongea na nani?"

"Na Mwenyewe!"

"Mwulize basi lini utanirudishia beseni langu."

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Walikuwa hawajacheka pamoja siku nyingi.

Lipu ikapakwa upya. Misumari iliyopinda alikaa akiinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, akiuimbia. Upande wa mbele ukaanza kunukia chokaa. Ukabaki ukuta wa katikati, na huo Fundi Taratibu kila alipoufikia alisimama akaangalia juu, akaguna.

"Tubomoe!" Mama Ukuta alihimiza.

"Kesho. Acha kwanza niutazame."

"Fundi, utautazama mpaka mjukuu aoe?"

"Kesho, mama. Leo nakata nguzo."

"Nguzo ya nini?"

Fundi alikuwa anapanga kumweleza, lakini kwa mwendo wake maelezo yenyewe yangefika jioni. Akatoka kwenda uani kukata mti.

Na ndipo simu ikalia. Mkwe wake, mume wa binti, sauti inamtetemeka: "Bibi mtu, hongera! Mtoto wa kike! Wote wazima! Tukiruhusiwa tu hospitali tunakuja huko. Ukuta vipi?"

"Ukuta gani?" Mama Ukuta akapiga kelele. "Hapana ukuta hapa!"

Akaitupa simu kitandani. Bibi! Ameitwa bibi! Hakuona mlango, hakuona ndoo, aliona nyundo tu. Akaikamata, akapanda juu ya kiti, akauelekea ukuta pale juu kabisa, katikati, alipokuwa ameshindilia udongo kwa vidole vyake miaka yote ile. Akapiga. Tofali likatoka likaangukia upande wa pili. Akashangilia. Akapiga la pili, la tatu. Tundu likafunguka, na tunduni, kama picha ndani ya fremu, akaona uso wa mtu.

Ulikuwa uso wa Yule.

Binti alikuwa amemwambia aje kuchukua benchi lake. Yule alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, mguu mmoja anauvuta. Walitazamana. Na kabla yeyote hajasema neno, nyumba ikalia.

Mlio mrefu, wa chini, kama mzee anayeinuka kitini. Mabati yakapasua sauti huko juu. Vumbi la mchwa likamwagika kichwani mwa Mama Ukuta, akaona kwa macho yake boriti kubwa inashuka, upana wa kidole, ikisogelea lile tundu alilolitoboa.

"Usitoke hapo!" Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi Taratibu, na watu wa mtaa huo husema mpaka leo kwamba siku hiyo alionekana akikimbia. "Rudisha tofali! Rudisha!"

"Yameangukia huko!"

Upande wa pili Yule alikuwa ameshatazama juu kwa jicho la seremala. "Boriti imeliwa," akasema. Akaliburuta benchi lake mpaka chini ya tundu, akapanda na mguu wake mbovu, akainamisha kichwa, akaweka mgongo chini ya ile boriti kwa upande wake. Mishipa ikamtoka shingoni.

Na hapo Mama Ukuta akaganda, nyundo mkononi. Maana aliliona jambo lote. Paa linashuka. Yule yuko chini yake. Dua yake ya kila asubuhi, asiyoiacha hata akiugua, ilikuwa njiani inakuja, imefika mlangoni, imebakiza kubisha hodi.

Kisha akapaza sauti ambayo mwuza mboga aliisikia akiwa mtaa wa pili:

"Mola wangu! Zile dua zangu, futa! Zifute zote! Leo usinisikilize!"

"Mama, omba huku unafanya kazi!" Fundi alifoka, ameikumbatia nguzo fupi aliyokuwa akiikata. Aliiingiza kwenye tundu, akaisimamisha juu ya ukuta. Ilipungua kwa kiganja, na tena nyembamba mno juu. "Nataka kichwa! Kipande cha mbao kipana, kigumu, cha kukaa kati ya nguzo na boriti! Upesi!"

Mama Ukuta hakufikiri. Miguu yake ilijua. Alikimbia mpaka mlango wa uani, akalikamata lile komeo lake zito, akarudi nalo kifuani kama anabeba mtoto. Fundi akalilaza juu ya nguzo, chini ya boriti. Likaenea. Akampa Mama Ukuta kabari ya mti ya kukazia, "Piga!", naye akapiga, mkono ule wa pasi ukapiga, mara kabari ikaingia, mara boriti ikaguna, mara ikakaa. Kimya. Vumbi likaendelea kushuka polepole kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, toka chini," Fundi alimwambia Yule. "Imeshika."

Wakaketi wote watatu, wawili upande huu, mmoja upande wa pili, wanatazamana kwa tundu. Fundi Taratibu akatafuta kijiti chake, akakikosa.

"Nilitaka kukueleza," akasema. "Boriti hiyo mchwa wameimaliza katikati siku nyingi. Kilichokuwa kinabeba paa si boriti. Ni ukuta wako huu. Usingeujenga, nyumba hii ingekuwa imelala chini zamani, na aliyekuwa anaishi humu angelala nayo."

Yule akaugusa ukuta kwa kiganja. "Mimi nilikuwa nauita ukuta wa wazimu."

"Ulikuwa wa wazimu," Mama Ukuta akajibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu talaka.

Ndani mwake kulikuwa na zogo. Maana alielewa, na aliyoyaelewa yalimsisimua. Hasira yake! Si ndiyo iliyomwamsha alfajiri siku zote zile? Si ndiyo iliyopepea mkaa, ikakamua mashuka, ikamlea binti, ikamsomesha, kwa neno moja tu, "Yule ataniona"? Watu walimwambia aitupe, aitupe kama uchafu, na yeye hakuweza, akajiona mbaya. Kumbe ilikuwa imebeba paa. Kumbe mtu huwezi kuivunja kwa nyundo siku moja ya furaha, ukadhani utabaki umesimama. Unatafuta kwanza cha kuweka badala yake. Unatoa tofali chache, unaweka nguzo. Unatoa nyingine. Na Mungu, ambaye yeye alimdhani ameziba masikio, alikuwa amezisikia dua zote zile na kuzikalia.

"Sijakusamehe," akasema tunduni.

"Sijaomba," Yule akajibu.

"Ndilo tatizo lako."

Fundi akajikohoza, akatazama mabati. Kisha ikaja sauti toka upande wa pili, ndogo, ya mtu anayevuta mguu: "Basi naomba."

Mama Ukuta akajifuta vumbi usoni, na kama palikuwa na machozi, vumbi liliyameza. "Shika mbao kwanza," akasema. "Hayo mengine tutayaona."

Kesho yake alikuja. Alikuja na mbao mbili ndefu, ngumu, alizoziranda mwenyewe, wakazipachika ubavuni mwa boriti ya zamani, moja huku, moja huku, zikakazwa kwa bolti. Mama Ukuta hakumsemesha zaidi ya "shika", "achia" na "chai hiyo". Lakini chai ilikuwa na sukari. Ukuta ukashuka tofali chache kwa siku, kwa mwendo wa Fundi Taratibu, na safari hii hakuna aliyemhimiza. Ulipofika sakafuni, nguzo nyingine, ndefu, ikasimama katikati ya sebule, komeo limelala juu yake. Matofali akayatandaza uani, chini ya kamba za nguo, ili asisimame tena kwenye tope akianika.

Asubuhi alipepea mkaa, akafungua mdomo kwa mazoea, dua ikagoma kutoka. Akafikiri. "Mola wangu," akasema, "shikilia." Akaona imetosha.

Siku binti alipofika, mwuza mboga alikuwa barazani, Fundi alikuwa barazani, na kwenye ngazi, kofia mkononi, aliketi Yule. Mama Ukuta alitoka mbio kwa mlango mkubwa, ule wa mbele, ambao hakuwa ameupita mbio hivyo tangu ujana wake. Akampokea mtoto, akamnusa, akamtazama vidole, akapiga vigelegele mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia.

"Lete nimwone na mimi," Yule alisema kwa woga.

Mama Ukuta akamtazama. Akamgeukia yule kichanga. "Haya, msalimie babu mtu," akasema, akamweka mikononi mwake. "Lakini mshike shingo! Huyo si benchi!"

Binti alisimama, macho yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa yule. Akafanya alilolijua. "Naingiza mizigo jikoni," akasema, akaokota mfuko wake, akashuka ngazi, akakunja kona kuifuata ile njia yake ya kuzunguka nyumba.

"We!" Mama yake akamwita. "Unakwenda wapi?"

Binti akasimama, mguu mmoja njiani.

"Pita hapa," alisema mama, na akausukuma mlango mkubwa mpaka ukagonga ukutani. "Pita katikati, mwanangu. Nyumba yako hii."

Binti akapanda ngazi. Akaingia sebuleni polepole, akafika pale kwenye nguzo, akapitisha mkono hewani kana kwamba anatafuta kitu gizani. Hapakuwa na kitu. Akaanza kucheka, akaharakisha, akavuka mpaka jikoni, akarudi, akavuka tena, anakimbia sasa, mfuko unampiga mguuni, huku mama yake akimfokea apumzike, mzazi mzima anakimbia ndani ya nyumba, na nyayo zake zikisikika toka mlango wa mbele hadi wa nyuma bila kukatika.